Nakala Yangu Ishinde

Walinikuta nimejifunika koti kichwani, mchana kweupe, jua la kupasua jiwe, naandika nywila kwenye simu. Koti lilikuwa la kulinda siri. Mimi ni fundi wa lifti. Nimepandisha na kushusha watu katika miji ambayo mingine hata jina lake linanishinda kutamka, na nimeona watu wazima wakilizwa kwa sababu tu mtu aliwachungulia begani. Nilichosahau ni kwamba mimi huandika huku natamka, silabi kwa silabi, kama mtoto wa darasa la kwanza. Nilipofunua koti, benchi zima lilikuwa linanitazama.

— Mbuzi wa askofu amekalia redio mbichi, alisema mama wa kahawa huku akinimiminia kikombe. Ila "redio" umeiandika mara mbili, Lifti. Ndiyo maana inakukatalia.

Alisema kweli.

Benchi letu limeegemea ukuta wa nyumba yangu. Siku hiyo alikuwepo Kinyozi, ambaye duka lake linatazamana nasi na hunyoa pale tu mazungumzo yanapopoa. Alikuwepo Antena, mwalimu mstaafu, mrefu mwembamba, ambaye hakuna habari ipitayo angani asiyoinasa, tatizo ni kwamba hunasa nusu. Na Breki, dereva wa lori ambaye lori lake limelala gereji muda mrefu hadi kuku wametagia humo. Mimi nilikuwa nje kwa sababu ufunguo wa nyumba alikuwa nao mke wangu, kazini.

Ikabidi niwaeleze huyo mbuzi ni wa nini. Nywila zote za nyumba yetu, za barua, za benki, za shule, nimezitia kwenye faili moja, tunaliita kasha, nalo hufunguliwa kwa nywila kuu moja tu. Kuna kampuni zinazokutunzia kasha kama hilo. Mimi nikakataa, nikasema siri za nyumba yangu hazilali kwa jirani. Nakala moja ipo kwenye simu yangu, moja kwenye simu ya mke wangu, moja kwenye kompyuta kuukuu iliyo sebuleni, isiyozimwa. Vyombo vikikutana kwenye mtandao wa nyumbani, vinapatanisha nakala vyenyewe.

— Kwa hiyo kasha ni lako, ufunguo ni wetu, alisema Kinyozi. Umoja ni nguvu.

Nikaona aibu, nikabadilisha nywila kuu palepale, safari hii mdomo nimeuuma. Simu ikaniambia nakala mpya imeshafika kwenye kompyuta ndani. Nikanywa kahawa kama mshindi. Kikombe hakijafika nusu, ukaingia ujumbe wa mke wangu: "Nimebadilisha nywila ya mtihani kama ulivyonisumbua wiki nzima. Kasha limenitungia herufi arobaini, siijui hata moja. Imo kwenye simu yangu. Nakuja."

Nikaweka kikombe chini.

Mke wangu amefanya kazi ya kuosha chupa katika maabara ya zahanati kwa miaka. Mwaka huu ameingia kusomea ufundi wa maabara wenyewe, usiku baada ya usiku, kitabu kimeegemezwa kwenye kopo la sukari, mimi nakoroma chumbani. Mtihani wake ataufanyia kwenye ile kompyuta ya sebuleni, unafunguliwa saa tisa alasiri ile ile, na asiyeingia anangoja mwaka mwingine. Kuomba nywila mpya huchukua siku mbili.

Na siku nilipoweka ile programu iliniuliza: nakala mbili zikibadilishwa kila moja kivyake, zikagongana, ipi ishinde? Kulikuwa na kitufe cha kuziunganisha. Mimi nikabonyeza "yangu ishinde", na iliyoshindwa ifutwe. Nilijiona baba mwenye nyumba. Sasa mke wangu akifika tu, simu yake ikinusa mtandao wetu, nakala yangu itaimeza ya kwake, na zile herufi arobaini zitakuwa zimekwenda na maji. Mipangilio ya kubadili jambo hilo ipo kwenye kompyuta, ndani, nyuma ya mlango uliofungwa.

— Mtandao wako unafika wapi? aliuliza Breki.

Nikamwonyesha. Unavuka ukuta, unapita benchi, unakatikia kwenye nguzo ya taa mbele ya duka la dawa.

— Basi shemeji asiivuke ile nguzo.

Kazi ikawa hiyo. Kinyozi akasema akili ni nywele, kila mtu ana zake, na za kwangu amezinyoa yeye kwa hiyo tumsikilize yeye: atasimama kwenye nguzo na shuka lake la kunyolea, amwalike shemeji kusukwa bure. Tukamkumbusha kwamba hajui kusuka. Akasema atajifunza polepole, ili muda upite. Nikamuuliza muda ukipita mtihani nao utakuwa wapi, akaanza kulikung'uta shuka.

Antena akatuondolea ujinga. Mtandao, alisema, unanata kwenye nguo kama harufu ya samaki, kwa hiyo hata mimi mwenyewe nisimsogelee mke wangu, maana nimekaa humu tangu asubuhi nimelowa. Simu yake ipokelewe kwa koleo, itiwe ndani ya sufuria yenye mfuniko, ipitishwe hadi ndani, na sufuria isifunguliwe mpaka mtihani uishe.

— Na mtihani ataufanyaje simu ikiwa kwenye sufuria? aliuliza mama wa kahawa.

— Mvumilivu hula mbivu, alijibu Antena.

Breki alikuwa ameshapanda juu ya benchi. Yeye hakuamini sufuria. Usipoziba ufa utajenga ukuta, alisema, basi tujenge ukuta: atalikokota lori kutoka gereji, kuku na mayai yao, aliegeshe likingame barabarani. Kama halitawaka, nilale mimi kwenye nguzo, nijifanye nimezirai, shemeji asimame kunililia. Kinyozi akasema mke wangu ananijua, atanivuka tu. Wakabishana kama ananipenda kiasi cha kusimama. Walipiga kura. Nilishindwa, na mama wa kahawa alipiga mara mbili.

Mimi sikucheka. Nilikuwa naona kile kitabu kwenye kopo la sukari.

Ndipo akatokea kwenye kona, mkoba begani, anatembea ule mwendo wake wa mtu mwenye jambo kichwani. Mipango yote ikafa hapo hapo. Tukasimama wote wanne, tukaanza kupunga mikono kama watu wanaorudisha trela nyuma: Kinyozi na shuka, Antena na mikono yake mirefu, Breki juu ya benchi akifanya ishara ya breki. Mimi nilikuwa napunga simu yenyewe.

Alipunguza mwendo. Akatutazama. Hatua chache kabla ya nguzo akasimama, akafungua mkoba, akatoa simu. Yangu ikaita mkononi mwangu.

— Mnanifukuza au mnaniita?

Nikamwambia yote kwa pumzi moja, mbuzi, askofu, nakala, kitufe, nguzo. Benchi lilikuwa limeegemea sikio langu. Nilimwona kule mbali, simu sikioni, anatazama chini.

— Ujumbe wangu uliupata, alisema.

— Niliupata.

— Simu yako inaita, kama hivi.

— Inaita.

— Sasa muda wote huo kwa nini hukunipigia, uniambie nizime mtandao kwenye simu yangu?

Nikamgeukia Kinyozi. Kinyozi akakunja shuka lake. Antena akaanza kukagua anga. Breki akashuka kwenye benchi taratibu, mguu mmoja, halafu wa pili. Mama wa kahawa alikuwa anasuuza vikombe ambavyo alishavisuuza.

— Niliogopa utakasirika, nikasema.

— Nimekasirika. Mtandao nimeshauzima. Toka hapo mlangoni, nina mtihani.