Leso Mlangoni: Maisha ya Mama Seline Apondi Okinyi

Mama Seline alizaliwa tarehe 9 Mei 1944 karibu na Kombewa, Seme, kifungua mimba wa Mzee Obiero. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nane, kisha akaenda Kisumu kusomea ukunga. Alihitimu mwaka 1966.

Alifanya kazi katika zahanati ya kijijini mpaka alipostaafu mwaka 1999. Wengi mlioketi chini ya hema hili mlipokelewa duniani na mikono yake. Alipoitwa kwa mama mwenye uchungu, kabla hata ya kunawa, alitundika leso mlangoni. Siku moja chifu alichungulia, ana hamu ya kujua kama mkewe amepata mvulana. Mama alimfungia mlango puani. "Toka, Chifu! Hapa si sinema!" Chifu alingoja nje kama watu wengine, na mtoto akawa msichana.

Mwaka 1967 aliolewa na Mzee Okinyi, fundi wa kuunda mashua kule Luanda Kotieno, mtu wa utani mwingi. Mzee alipofariki mwaka 2011, Mama alishika tawi la mti akazunguka boma mbio, akilia na kumsifu kwa sauti, kama wafanyavyo wajane wetu. Wote waliokuwepo walilia naye.

Mwaka 2021 alianza kusahau. Haikuwa salama kumwacha peke yake, na baada ya miaka miwili bintiye, Caren, alimpeleka katika makao ya wazee huko Milimani, mahali pasafi, penye maua getini. Kule, jioni nyingi, Mama aliamini kwamba mumewe amefariki siku hiyohiyo. Hakukuwa na tawi, basi alichukua ufagio, akapita kwenye korido akimlilia. Mhudumu mmoja alimrekodi kwa simu, kichwa wazi, gauni la kulalia limefunguka begani. Aliweka muziki juu ya kilio, akaandika "Dani wa Dansi", yaani bibi wa dansi, akarusha mtandaoni.

Caren aliiona video hiyo mara ya kwanza kwenye simu ya muuza samaki aliyekuwa akicheka mpaka machozi. Alikwenda Milimani moja kwa moja.

"Lakini madam, si alikuwa anadansi tu?" meneja alimwambia. "Watu wamempenda sana. Tunaweza kuficha uso."

"Anadansi? Wewe ni mtu wa hapa hapa! Hujawahi kuona mjane akimlilia bwana yake? Nani alimuuliza mamangu kama anataka kupendwa na watu?"

Mhudumu alifuta video, akasema pole. Pole ya nini, na imeshazunguka hadi kwenye kundi la kwaya? Tuseme ukweli mbele ya jeneza hili: wako humu waliocheka, na wako walioisambaza kwa wenzao. Mama huyu alizifunika aibu za mama zenu maisha yake yote. Yeye alipokosa nguvu ya kujifunika, mlimfanya kichekesho. Ni aibu, na familia haitaimeza kimya.

Caren alimrudisha nyumbani. Siku moja mgeni aliyekuja kumjulia hali alifungua video ile karibu naye. Mama hakuutambua uso wake mwenyewe, lakini aliitambua sauti. Alimshika Caren mkono akauliza, "Mbona wanacheka, na Okinyi bado hajazikwa?"

Baadaye alishikwa na nimonia. Aliaga dunia akiwa kitandani mwake alfajiri ya tarehe 3 Februari mwaka huu, Caren akiwa kando yake, leso mlangoni.

Ameacha mwanawe Okello na mkewe Winny, bintiye Caren, wajukuu, na watoto wasiohesabika aliowazalisha.

Kwa sababu ya video ile, ratiba hii haina picha yake, na jeneza halitafunguliwa. Tunajua wengi mlitaka kumwona mara ya mwisho. Mtatusamehe, ameonwa vya kutosha. Tutakapofika kaburini, wanawake aliowazalisha watalizunguka jeneza na kuinua leso zao, na kila simu iwe mfukoni. Ukisikia mkono unakuwasha, kumbuka aliyekupokea ulipozaliwa.

Hapa si sinema. Mlango umefungwa, Mama. Mlilie Mzee wako upendavyo, na upumzike kwa amani.