Unga wa Ulezi Ndani ya Rejeta

Tangu basi liondoke Iringa, Tupokigwe hakuwa amegeuza ukurasa wa kitabu chake. Kwenye kiti cha mbele yake mume na mke walikuwa wakigombana kuhusu gari lao, Pijo kuukuu, ambayo mzee alikuwa ameitengeneza mwenyewe nyumbani Kihesa.

"Rejeta inavuja, unatia unga wa ulezi! Baba Regina, gari linakunywa uji?"

"Kijiko kimoja huziba tundu, mama."

"Wewe ulitia kilo nzima! Jumamosi bibi harusi atapanda nini?"

Mzee alishusha sauti. "Nilitaka mwanangu aondoke kwa gari la baba yake, siyo la kuazima."

Tupokigwe aliyekuwa akizuia kicheko sasa alizuia machozi.

Basi likasimama Makambako. "Shuka tukaazime la kaka yangu," mama akasema. "Na boneti usiiguse."