Mguu wa Mbele wa Ndege Yangu

Mama Mwenyekiti, shikamoo. Wote mlionizidi umri humu ndani, shikamooni. Wengine, habari za mchana. Nimeharakisha kumaliza salamu kwa sababu najua hakuna anayenitazama mimi, mnatazama hili boksi nililoliweka mezani. Ndani yake mna ndege ya plastiki, nimeiunda kwa mikono yangu, na nina miaka arobaini na sita. Chekeni sasa hivi, tumalize, halafu mnisikilize.

Haya.

Neno moja limenichosha maisha yangu yote: "Mtu mzima anachezea midoli." Ndugu zangu, nawaambia, mdoli unanunuliwa ukiwa mzima. Hizi zinakuja vipandevipande, vimeshikana kwenye fremu kama maembe mabichi kwenye kikonyo. Unakikata kimoja kimoja kwa wembe, unakisugua, unakigandisha, unasubiri kikauke, unapaka rangi. Ukishapaka rangi, upepo wa Dodoma, ambao siku nzima ulikuwa umelala, unaamka na kukumwagia vumbi lote la mtaa wetu wa Makole juu ya bawa bichi. Unasugua upya. Hivyo ndivyo ninavyocheza mimi.

Nilianza nikiwa mtoto, Mpwapwa. Marehemu baba alikuwa mchunga ng'ombe kwenye kituo cha mifugo, na daktari mmoja mgeni alipokuwa akifunga mizigo kurudi kwao, alinipa boksi ambalo mwanawe alilishindwa. Mlikuwa na nusu ndege. Nusu iliyobaki nikaimalizia kwa ulimbo wa kunasia ndege wa kweli. Ikaachana kabla ya magharibi, nikalia, na tangu siku ile sijapona ugonjwa huu.

Miaka ile ya foleni, wakati hata sabuni ya kufulia unaipata kwa kujuana, nani angetuletea ndege za plastiki? Nilichonga miswaki mibovu na vitana vilivyovunjika. Rangi yangu ilikuwa rangi ya kucha ya mama watoto, ndiyo maana kule nyumbani nina ndege mbili za kivita nyekundu ambazo hakuna jeshi lolote duniani lingezipokea. Mke wangu akakuta chupa yake tupu. Alinunua nyingine akaificha, nikaipata, akaificha tena.

Halafu ikaja ruksa ya kuagiza bidhaa nje. Kila kitu kikaingia. Siku moja pale sokoni, kwenye meza ya mitumba, katikati ya viatu visivyo na wenzao, nikaona boksi. Halijafunguliwa! Nailoni yake iko palepale. Ndege ya abiria, injini mbili, kama zile tunazoziona zikitua hapa mjini kwetu. Ndugu zangu, sikuwahi kushika boksi lenye vipande vyote. Nililibeba hadi nyumbani kifuani, kama mtu anayetoka hospitali na mtoto mchanga.

Lakini ruksa haikuniletea boksi peke yake. Shirika nililolitumikia miaka kumi na tisa, mimi nikiwa mtunza stoo, likaambiwa lijiendeshe kwa faida. Humu ndani hakuna asiyejua kilichofuata. Barua. "Tunasikitika." Sisi sote wa kikundi hiki cha waliopunguzwa kazi, tuliokaa kwenye madawati haya ya watoto wa shule, tumesikitikiwa.

Nilifika nyumbani saa nane mchana. Mke wangu akauliza mbona mapema. Nikasema kichwa kinaniuma. Nikaingia kwenye kile chumba cha uani ninachofanyia kazi zangu, nikaketi mbele ya ndege. Mwili wa ndege una pande mbili, wa kushoto na wa kulia, na nilikuwa nimezitayarisha tayari kwa kufungwa pamoja. Nikazipaka gundi, nikazibana, nikazifunga kwa mipira. Sikutazama ndani. Mikono ilikuwa inafanya, akili ilikuwa kwenye barua.

Kesho yake nikatafuta mguu wa mbele, ule unaobeba gurudumu chini ya pua. Ni kijiti chembamba, urefu wake hauzidi punje mbili za mchele. Haupo. Nikatafuta mezani, nikatafuta sakafuni kwa magoti. Haupo. Nikamwita mke wangu.

"Umefagia humu?"

"Nafagia kila siku. Hii ni Dodoma."

"Umenifagilia mguu wangu."

"Mguu gani?"

Hapo ndipo nilipoanguka, jamani. Watu wanadhani mtu anaanguka siku ya barua. Barua ilinisukuma tu. Nilianguka pale niliposema, tena kwa sauti ya bwana stoo, "Kuanzia leo hakuna kufagia nyumba hii mpaka mguu upatikane."

Mnacheka. Nyumba ya Dodoma, bila ufagio, kiangazi, majuma matatu! Vumbi lilikaa kwenye masufuria na kwenye vitanda. Ulikuwa ukipita ukumbini unaacha nyayo kama upo shambani. Mimi nilichukua chekeche ya unga ya mke wangu, nikakaa jalalani nyuma ya nyumba, nikawa nachekecha takataka. Majirani wanapita. "Vipi, umeona dhahabu?" Nikazidi kuchekecha. Kazi imeondoka, heshima imeondoka, na nilijiambia kwamba hiki kimoja, ndege hii moja, lazima ikamilike. Nilikuwa na hasira mpaka meno yananiuma. Na kazi sikuwa nimemwambia mke wangu kwamba sina. Kila alipouliza mbona siendi, nilisema likizo.

Siku moja aliniletea chai kwenye chumba cha uani, akainyanyua ndege apate pa kuweka kikombe. Akaitikisa kidogo.

"Kuna kitu kinalia humu ndani."

Nikamnyang'anya. "Hiyo ni risasi. Ya uzito. Unajua nini wewe kuhusu ndege?"

Niwaeleze hapa, maana ndiyo shina la kesi. Ndege ya namna hii ina gurudumu moja mbele na mengine nyuma kidogo ya katikati. Ya plastiki ni tupu ndani, kwa hiyo mkia unailemea. Kabla hujafunga mwili, unagandisha kipande cha risasi puani, ile laini ya kwenye betri mbovu ya gari. Usipoweka, ukiisimamisha inanyanyua pua juu na kukalia mkia. Kila muundaji anajua. Basi nilipomwambia ni risasi iliyobanduka, nilimwambia kama fundi.

Juma lililofuata habari zikaja kwamba mama mkwe anakuja kutoka Kondoa kututembelea. Mke wangu akashika ufagio. Nikamzibia mlango. "Mguu umepatikana?"

Akauegemeza ufagio ukutani. Akasema, "Mama yangu hatakaa kwenye vumbi hili. Mimi ndiye nitakayemfuata." Akafunga mizigo yake, akapanda basi la asubuhi. Sikumzuia. Aibu yangu hiyo, naitoa yote hapa mbele yenu.

Nikabaki na ndege. Nikasema, sawa, mguu nitauchonga mwenyewe. Nikachukua mpini wa mswaki, nikachonga siku mbili, nikaupachika, nikaipaka ndege rangi, nikaacha vyote vikauke. Siku ya tatu, baada ya adhuhuri, nikaisimamisha mezani kwa mara ya kwanza.

Ikanyanyua pua juu, ikakalia mkia.

Nikaisukuma mbele. Ikarudi ikakaa. Nikaguna, nikafungua kile kibiriti ninachowekea vitu vidogo. Risasi ilikuwa mle mle, haijaguswa. Siku ya barua sikuiweka. Basi kama risasi iko kibiritini, kinacholia tumboni mwa ndege ni nini?

Ndugu zangu, nilijua kabla sijamaliza kujiuliza. Asubuhi ya siku ile ya barua, kabla sijaenda kazini, niliujaribisha mguu kwenye tundu lake, nikaulaza ndani ya upande mmoja. Mchana nikarudi, nikaufunika. Mwezi mzima nilichekecha jalala, nikamlaza mke wangu kwenye vumbi, nikamfukuza, na mguu niliufungia humo mwenyewe kwa mkono wangu huu.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo shetani alipokuja na maneno mazuri. Aliniambia: ndege imeshakamilika. Rangi imekaa, hata vumbi halikuigusa. Mguu wa mswaki hakuna atakayeutambua. Risasi unaweza kuiingiza kwa tundu dogo chini ya pua. Kinacholia, mwambie mkeo ni risasi, kama ulivyokwisha mwambia. Nani atajua? Kuuona mguu ingebidi nipasue ndege pekee nzima niliyowahi kuwa nayo.

Nilikaa nayo siku mbili. Sikula vizuri. Siku ya tatu niliifunga kwenye boksi hili hili na kupanda basi la Kondoa.

Mnajua ukweni hakuendwi hivyo. Mke akirudi kwao, unakwenda na mtu mzima wa kukusemea, wewe unakaa pembeni umeinamisha kichwa. Mama mkwe alitoka uani, nikamwamkia, akaitikia, akatazama nyuma yangu.

"Umekuja na nani, mkwe wangu?"

"Nimekuja na ndege, mama."

Alidhani nimepata kichaa. Kwa kweli hakukosea sana. Nikaomba mke wangu aitwe. Akaja, akasimama mlangoni mwa chumba cha mama yake, mikono kifuani. Nilitoa ndege, nikaitikisa karibu na sikio lake. Kachakacha, kachakacha. Nikatoa wembe, nikaweka kwenye mshono wa tumbo, nikaipasua toka puani hadi kwenye mabawa. Rangi ilichanika. Kioo cha rubani kiliruka kikaenda kusikojulikana. Nikaiinamisha kwenye kiganja chake.

Mguu ukadondoka.

"Hukuufagia," nikasema. "Na likizo sina. Kazi pia sina. Nimepunguzwa tangu siku ile nilipokuambia kichwa kinaniuma."

Nikalia, mbele ya mama mkwe, ndiyo. Mama mkwe akageuka kutazama ukuta, kwa heshima, na akiwa ameutazama ukuta huohuo akasema, "Mwenzio amesubiri mwezi mzima umwambie maneno mawili hayo. Vumbi peke yake lisingemleta huku."

Mke wangu alikuwa anajua, jamani! Aliisikia habari ya punguzo bombani, siku ya pili tu. Alikuwa anasubiri nimwambie mimi. Mwezi mzima nalinda siri ambayo foleni nzima ya maji iliifahamu. Mpaka leo nikiikumbuka natamani kujizaba kofi.

Basi. Tulirudi pamoja, akafagia siku mbili. Siku hizi mikono hii inaunga fremu za miwani na vifuniko vya redio pale Makole, kwa wembe ule ule. Namshukuru mama mkwe, aliyenipokea bila mshenga. Nawashukuru ninyi, mlionivumilia vikao vitatu nikiwa nimenuna nyuma kule. Na namshukuru mke wangu, yule pale karibu na dirisha, anayejifanya hanijui.

Mkitaka funzo, ni hili: kabla hujamkataza mwenzio ufagio, tikisa chako kwanza usikilize. Pitisheni ndege, itazameni. Niliiunganisha upya, ila ule mshono wa tumboni sikuupaka rangi tena. Na huo mguu wa mbele mnaouona ni wa mswaki. Wa kwake halisi niliuomba siku ile ile, pale ukweni. Mke wangu akaufunga kwenye pindo la khanga yake, akaniambia, "Huu nitakaa nao mimi."

Miaka mitatu sasa. Khanga zimechakaa, zimebadilishwa. Mguu unahamishwa pindo hadi pindo. Nikianza kupandisha sauti pale nyumbani, anashika pindo tu, nami nakwenda kumletea ufagio.