Mdomo wa Sindano Wageuka Chuma

Asubuhi hiyo benchi la nje ya duka la vipuri lilijaa kabla birika halijachemka. Bondia, mwenye duka, mpiga masumbwi wa zamani, alikuwa amewahi nafasi yake. Kando yake alikaa mpima ardhi mstaafu, ambaye kijiwe kizima kilimwita Profesa. Fundi cherehani, aliyeitwa Sindano, alifika wa mwisho, akapiga funda moja la kahawa, akalitema.

— Chungu? akauliza Bondia.

— Chuma! Kama nimelamba pasi. Leo siku ya sita ya dawa za vidudu vya tumbo. Kichefuchefu, kuendesha, mdomo kutu tupu. Naacha!

— Acha! Bondia akapiga paja. Haraka haraka haina baraka, ndiyo maana uache leo leo!

— Ngoja, akasema Profesa. Samaki mmoja akioza, wote wameoza. Tafuta kidonge kibovu, ukitupe hicho tu.

— Nitakijuaje, mzee wangu? Vyote vinafanana.

— Unavinusa!

— Hapana, jamani! Bondia akasimama. Dawa ya moto ni moto. Chuma kimeshuka tumboni. Nina sumaku ya spika humo dukani. Tumfunge nayo kitovuni, chuma kitoke chenyewe!

Benchi likalipuka kwa kicheko. Sindano naye alicheka, ila akakumbuka yaliyompata. Mwaka jana aliacha dawa kama hizi siku ya nne, alipojiona mzima. Miezi miwili baadaye alianguka juu ya cherehani, mkewe na majirani wakambeba. Hilo hakuwahi kulisema pale. Hata hivyo, sasa alikuwa ameshatoa pakiti ya dawa mfukoni, mkono umeelekea kwenye mtaro.

Mama mmoja, mgeni kabisa, alikuwa amesimama kando, gauni mkononi, akimsubiri Sindano amtilie zipu.

— Samahani, baba. Aliyekupa dawa anasemaje kuhusu hiyo ladha?

Bondia akamtazama Profesa. Profesa akatazama kikombe.

— Sijamuuliza, akasema Sindano polepole.

— Siku sita?

Sindano akaona haya. Akatoa simu, akapiga namba iliyoandikwa kwenye bahasha ya dawa. Nesi akaongea, benchi zima likimwinamia Sindano lisikie.

— Anasema ladha ya chuma inajulikana, itaisha dozi ikiisha! akatangaza, macho yamemtoka. Nimekuwa nikimeza tumbo tupu, kumbe hizi ni za baada ya kula. Ninywe maji mengi. Nikiharisha damu au nikitoka vipele, niende hospitali mbio. Ila nisiache mwenyewe, vidudu vitarudi vikiwa sugu.

— Si nilisema! Bondia akapiga kelele.

— Ulisema sumaku!

Sindano hakuwasubiri. Aliagiza mkate, akaumaliza wote huku amekunja uso, akameza vidonge viwili kwa maji. Kisha akamgeukia yule mama.

— Lete hilo gauni, dada. Zipu leo natia bure.