Mashahidi Watatu wa Kiwanja cha Itetemia

Kijiwe cha Sabiri, muuza kahawa, hakina kibao. Ni gogo la mninga mkabala na ofisi ya mtaa, Itetemia, na birika la kahawa lisilopoa. Hapo ndipo Asnath, aliyekuwa likizo kutoka chuoni, alipotua asubuhi hiyo na faili kifuani: barua ya toleo ya kiwanja, ramani seti tatu, stakabadhi ya kodi ya ardhi. Misimu minne mama yake alifyatua matofali na kuyachoma mwenyewe. Kikao cha vibali vya ujenzi kilikuwa kesho. Ukikikosa, mvua zinaanza, na msingi hauchimbiki mpaka Mei. Ilibaki karatasi moja tu: barua ya majirani, igongwe mhuri wa mtaa.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba, msomi! Barua hii hapa, tumesaini wote watatu, alijibu Wakili, ambaye mahakamani aliwahi kufika mara moja tu, kwa kesi ya mbuzi.

— Ila kibali hupati, nakwambia, alisema Stesheni, mstaafu wa reli. Dirisha la sebuleni ni pana mno. Treni ikipita, vioo vyote chini!

— Reli iko mbali na kwetu, babu.

— Mtetemo haulipi nauli, mjukuu wangu.

Mzee Kwihara, aliyezaliwa huko Kwihara na asiyekubali mtu asahau, akatema kashata.

— Acheni hizo. Kile kiwanja kimekaa juu ya njia ya misafara! Chini pale pembe za ndovu zimelala. Lazima kwanza aandikiwe sultani wa Unguja.

— Sultani yupi, mzee?

— Yeyote atakayekuwa zamu.

— Ndiyo maana nilisema aandikwe Nestory, Wakili akadakia. Mwanamume akisimama kwenye faili, hata pembe zinatulia. Wahenga walisema, asiye na mwana aeleke jiwe!

Asnath akamgeukia. Nestory, kaka yake, yuko Mwanza mwaka wa sita, na uzito wa tofali moja haujui.

— Mawe mama ameyaeleka kweli, Mzee Wakili. Ya msingi, kutoka mlimani, kwa mgongo wake. Na mwana anaye. Si huyu hapa mbele yako?

Kijiwe kikaguna. Kabla Wakili hajapata methali nyingine, Julieth, karani mpya wa mtaa, alivuka barabara na mhuri wake. Akapokea faili, akaifungua barua ya majirani na kuisoma kwa sauti:

— “Sisi majirani tunathibitisha kumfahamu kwa miaka ishirini Mama Nestory, mmiliki halali wa kiwanja...” Haya. Lakini barua ya toleo ina jina lake kamili, na hili silo. Wazee wangu, huyu mama anaitwa nani?

— Mama Nestory, walijibu kwa pamoja.

— Jina lake mwenyewe.

Stesheni akatazama birika. Kwihara akahesabu kwa vidole misiba yote ambayo mama huyo amewapikia, kana kwamba jina lilibaki kwenye sufuria mojawapo. Sabiri alimimina kahawa mpaka ikafurika kikombe. Ulimi ulimwasha Asnath, lakini aliung'ata.

Mwishowe Wakili aliichana barua yake, akatoa karatasi safi, akavua kofia.

— Binti, tutajie.

Asnath akasimama wima.

— Suzana Masolwa Ngollo.

Wakili aliandika polepole, herufi kubwa. Mmoja mmoja wakasaini upya. Mhuri ukagongwa.

Wino haujakauka, mama akatokea njia ya shambani, jembe begani.

— Habari za asubuhi, Suzana Masolwa! alipaza sauti Stesheni.

Mama akageuka nyuma kuangalia ni nani anayeitwa. Hapakuwa na mtu. Akaliweka jembe vizuri begani, akainua kidevu.

— Nzuri, akasema.