Bunduki ya Mwananchi

Benchi lenyewe ni kiti cha nyuma cha basi dogo, kimeng'olewa na kuegemezwa ukuta wa mgahawa wa Myemeni kule Manfuha, upande ambao Riyadh imeusahau na nyaya zake zinaning'inia. Baada ya Alasiri, ukuta ukishaanza kutoa kivuli, wenyewe hujaa mmoja mmoja. Kanuni yao ni moja: jina la kwenye ikama, kile kibali cha ukaazi, unaliacha nyumbani. Wapo wenye ikama iliyokwisha muda na wapo wasiowahi kuishika, kwa hiyo askari akija kuuliza nani ni nani, pale hakuna anayemjua mwenziwe. Mzee Vuai, aliyeletwa huku kutoka Unguja akiwa mgongoni mwa mama yake, huitwa Mudiri, maana birika la kahawa ni lake na yeye ndiye anayeamua nani amiminiwe. Evans, dereva wa lori wa maghala ya Sulay, mtoto wa Nakuru, huitwa Ramani. Na Saif, mwenye shahada ya uhandisi wa mitambo na kazi hana, huitwa Digrii, jina ambalo kila likitajwa humkwaruza kama kokoto ndani ya kiatu. Siku hiyo ndiye aliyeuleta mjadala, nao ulikuwa ndani ya simu yake.

— Mwananchi kanunua bunduki, alisema kabla hata ya salamu.

— Wacha! Ramani akaruka. Bunduki bunduki, ama ile ya maji ya watoto?

— Ya kuwindia. Mtumba. Kaifuata Jeddah, na wiki iliyopita kaenda kuijaribu uwanja wa shabaha. Kajirekodi. Tazameni wenyewe mjionee mashauzi.

Mwananchi ni Usama, mtoto wa baba mkubwa wa Saif. Babu mmoja, nyumba moja, sinia moja la wali Ijumaa. Ila baba yake Usama, zama zile milango ilipokuwa wazi, alichukua karatasi zake akaenda kuomba uraia. Baba yake Saif alikataa. Alisema uraia wa nini na mwakani tunarudi Zanzibar? Mabegi akayafunga, akayapandisha juu ya kabati. Mwakani ikawa mwakani, mzee akafa mabegi yakiwa palepale juu, na Saif akarithi kafili, mwenyeji wa kumdhamini kibali. Ndiyo maana Usama, aliyeacha shule, huandikiwa silaha kwa jina lake na hupewa rukhsa, na Saif, mhandisi mzima, kwenye ikama ameandikwa kibarua, na hata kibarua chenyewe hana.

Simu ikazunguka. Ilikuwa imezimwa sauti. Saif aliizima tangu siku video ilipoingia na hajaiwasha hadi leo. Ujumbe wenyewe hakuujibu. Kicheko cha Usama alikuwa anakijua. Hakutaka kukisikia kikitokea nyuma ya bunduki ambayo yeye haandikiwi.

— Mashallah, lakini mbona kitako kimechubuka? Mudiri akauliza, simu ameisogeza mbali na macho.

— Si nimekwambia mtumba, Ami Vuai.

— Hapa hakuna Vuai.

— Samahani, Mudiri.

— Basi nakwambia, ile imeoza ndani. Jeddah kuna bahari, kuna chumvi. Chumvi ile inakula mlango wa chuma, itaacha mtutu? Siku moja ataifyatua, risasi itatoka kwa nyuma.

— Zii, Mudiri, kutu si noma, Ramani akasema. Mimi hiyo barabara ya Jeddah naijua kama kiganja. Pale Sharafiya kuna jamaa wa kuuza simu, akanishow kitu moja: huku mtu hauzi bunduki yake. Anairithisha. Ukiona imeuzwa, jua iko na story, iko na majini. Pengine mwenyewe alikuwa akiwinda sungura, akirudi nyumbani, bibi amehama. Akiwinda tena, bibi wa pili amehama.

— Bibi yupi? Huyo anazungumza nini?

— Mke, Mudiri. Kwetu bibi ni mke.

— Basi sema mke! Mie nilidhani nyanya yake kakimbia.

Wakacheka wote, na Saif akacheka kwa nguvu kuliko wote. Alikuja pale kusikia hasa hayo. Akaichukua simu, akairudisha video mwanzo, akaikuza kwa vidole viwili.

— Acheni majini na ndoa. Tuongee kitaalamu. Oneni shabaha. Matundu yote yako chini, kushoto. Yote! Bunduki nzima haifanyi hivyo. Mtutu umepinda. Wallahi umepinda. Amebambikwa.

Haukuwa umepinda. Saif alijua. Alijua tangu mara ya kwanza alipoitazama. Walipokuwa wadogo, jirani alikuwa akiwapakia nyuma ya pikapu hadi jangwani kupiga makopo kwa kibunduki chake kidogo, na risasi za Usama zilikuwa zikiyakosa makopo upande uleule: Usama hukivuta kifyatulio kwa ghadhabu, kama anayemnyang'anya mtu kitu, na mtutu unayumba kwenda kushoto. "Usivute, bana," Saif alikuwa akimwambia. "Bana polepole, kama unaminya ndimu na hutaki mbegu itoke." Siku hizo waliapa kwamba bunduki yao ya kwanza itakuwa moja na watapokezana. Waliapa kwa jina la babu. Watoto, mdomo haulipiwi kodi.

— Kama mhandisi kasema umepinda, umepinda, Mudiri akahukumu. Halas.

— Na akienda nayo nyikani? Ramani akachokoza.

— Akienda nayo nyikani, na mtutu ule, atalenga sungura apige kipanga. Na kipanga atakuwa wa kuwindia, wa mtu mkubwa. Mnajua bei ya kipanga huku? Ana kitanda chake. Ana daktari.

— Akipanda ndege anakatiwa kiti, Ramani akaongeza. Nimeona na macho yangu. Mimi nimebebwa nyuma ya lori, ndege amekaa dirishani.

— Basi huyo mkubwa atauliza, nani kaniulia kipanga? Watasema, Mwananchi. Atasema, huyo hana uwananchi tena, mfutieni!

Ramani akapiga paja. Saif hakucheka mara hii. Aliinama mbele, macho yanang'aa.

— Wakimfutia, akasema taratibu, nitamwekea nafasi kwenye foleni ya ikama. Nimfundishe na kujaza fomu. Na kwenye kazi waandike kibarua, alivyoacha shule. Angalau kwake litakuwa kweli.

 Maneno yale yalikuwa yametoka na makali kupita mzaha, na Mudiri akajifanya anatafuta kifuniko cha birika kilichokuwa mkononi mwake.

Hapo ndipo mgeni akakohoa. Alikuwa Protas, Mtanzania aliyepangiwa kazi kwenye ghala moja na Ramani, ndiyo kwanza amefika, hata jina la kijiwe bado hajabandikwa. Muda wote alikuwa amekaa pembeni ya kiti, nusu mwili hewani.

— Samahani wakubwa zangu, na mimi naweza kuona?

Saif akampa simu bila kumtazama. Protas akatazama kidogo, akakunja uso.

— Hii mbona haisemi?

Kabla Saif hajanyoosha mkono, kidole cha mgeni kilikuwa kimeshabonyeza. Mlio wa risasi ukapasuka kutoka kwenye ile simu ndogo, paka wa Myemeni akatoka mbio. Kisha ikaja sauti ya Usama, inahema, nusu inacheka na nusu inabembeleza:

— Saif! Umeona? Kushoto tena, kama makopo yale! Nakosea wapi, ndugu yangu? Njoo bwana, peke yangu siiwezi. Si tulisema hii yetu?

Video ikaisha, na chini yake hapakuwa na jibu lolote. Ramani akainamia ndara zake kama ndiyo kwanza anaziona. Mudiri aliinamisha birika juu ya kikombe cha Saif, yakatoka matone meusi na machicha, akaendelea kuliinamisha vilevile.

Protas aliwatazama mmoja baada ya mwingine: Mudiri, Ramani, Digrii. Hayo ndiyo majina aliyopewa.

— Huyu Saif ndo nani? akauliza. Na mbona hajamjibu mwenzake?

 Kanuni ilikuwa moja tu, nayo siku hiyo ilimfaa Saif kuliko siku zote. Akajificha ndani yake kama anavyojificha doria ikipita. Ila juu ya goti, kidole chake cha shahada kilikuwa kinajikunja chenyewe, polepole, bila kuvuta.

— Kahawa imekwisha, Mudiri akasema. Yalla.

Hakuna aliyenyanyuka. Na ile simu, mkononi mwa mgeni, ikajirudia yenyewe: mlio, kicheko, na ile sauti inauliza upya inakosea wapi.