Papa Ulimboka Astaafu na Leseni Yake Mfukoni

Ijumaa tarehe 29 Novemba 2019, Bwana Ulimboka Mwaijande anatimiza miaka ishirini na mitatu katika kituo chetu cha tiba ya michezo hapa Braamfontein, na anastaafu. Sisi Wakongomani tufanyao kazi hapa tunamwita Papa Ulimboka. Ninaandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho alichonifundishia kazi. Wasiokijua watatafsiriwa wakati wa chai.

Alizaliwa Tukuyu, akasomea tiba ya viungo kwao Tanzania, akamwoa Cecilia, binti wa Soweto aliyekuwa uhamishoni Morogoro, na mwaka 1996 akahamia naye huku. Cheti chake hakikutambuliwa, basi akaajiriwa kama msaidizi: kubeba barafu, kukunja taulo, kufunga plasta. Hakulalamika, isipokuwa kuhusu chai yetu isiyo na tangawizi.

Mikono yake, jamani! Mchezaji wa raga mwenye shingo nene kuliko paja langu alikuja akilia, "Eish, Papa, mguu umekufa!" na baada ya nusu saa alitoka anatembea mwenyewe. Wanafunzi tuliopita mikononi mwake tulipata leseni ya kutibu mmoja baada ya mwingine. Mwalimu akabaki hana.

Mwaka 2015 kituo kikatangaza kwamba asiye na leseni haingii uwanjani siku ya mechi. Papa akawa anakaa jukwaani, mkoba wa dawa mapajani, akitazama wachezaji wake wakianguka asiweze kuwagusa. Iliniuma sana. Akiwa na miaka sitini na mmoja akaamua kuanza upya: vyeti vikathibitishwa Dar es Salaam, akasoma kozi ya huduma ya kwanza, akafaulu mtihani wa kuandika. Yakabaki mazoezi ya miezi sita chini ya msimamizi mwenye leseni, kisha mtihani wa vitendo. Msimamizi nikapangwa mimi, Jeannine, niliyefundishwa naye kufunga kifundo cha mguu.

Nilimfelisha.

Siku ya mtihani, mgonjwa alipoingia, Papa alishamshika goti kabla ya kumuuliza jina, wala panapouma, wala ruhusa ya kumgusa. Goti lilipata nafuu, lakini karatasi ya maelezo ilibaki nyeupe. Leseni haitolewi kwa kuoneana haya. Kituo kizima kilininunia, nami nililia kwenye teksi hadi nyumbani Yeoville.

Siku tatu hakunisalimia. Ya nne akaja na daftari kubwa, akaanza kuuliza na kuandika kila kitu. Tulikoma! Ukiazima mkasi, jina lako limo. Ukipiga chafya, anakuuliza ilianza lini. Novemba 2017 alirudia mtihani mbele yangu na msimamizi mwingine, akafaulu bila kukosea hatua hata moja.

Machi 2018 leseni ilifika. Jumamosi ya wiki ileile alivaa fulana ya kijani ya watabibu wa uwanjani akaingia kwenye mechi, ambako winga wetu alikuwa amelala akishika paja. Papa alipiga magoti, akauliza kwanza. Mama Cecilia alilia waziwazi jukwaani. Akitoka, alinipitia pale mstarini akaniambia, "Mwanangu, ulinifelisha vizuri."

Asante, Papa, kwa mikono yako, na kwa kukubali kusahihishwa na uliyemfundisha. Nenda ukapumzike na Mama Cecilia huko Rosettenville, magoti yenu yawe mazima, wajukuu wawachoshe kwa furaha. Kama ningekupitisha kwa huruma, leo tungekuwa tunamuaga msaidizi mpendwa. Tunamuaga mtaalamu.